Kilo za Masalu

Moyo wa Masalu ulikuwa umetanuka, na presha yake ilisoma mia moja tisini na nane kwa mia moja na ishirini. Daktari aliyatamka hayo mchana, mwezi wa pili, mke wa Masalu akiwa amekaa palepale na pochi yake mapajani, na hakuzungusha maneno. Daktari mwenyewe alikuwa binti mdogo tu, angeweza kuwa mtoto wao wa kwanza, lakini aliongea kama mtu aliyekwisha kuzika wengi.

"Mzee, ukiendelea hivi hufiki Krismasi. Na ukifika, utafika umelala upande mmoja."

Masalu akacheka. Ndivyo alivyokuwa, akibanwa kwenye kona anacheka. "Daktari, usinitishe mbele ya mke wangu. Mwili huu ni neema tu."

"Neema ya kilo mia moja na ishirini na moja?"

"Na nusu," alisema Masalu. "Usiniibie."

Prudencia hakucheka. Kwa miezi miwili alikuwa akimsikia mumewe akipumua usingizini kama mtu anayesukuma toroli mlimani. Alikuwa ameona miguu yake ikivimba jioni, soksi zikiacha mfereji kwenye nyama. Yeye ndiye aliyemburuta mpaka hospitali, baada ya kumwambia uongo kwamba wanakwenda sokoni Nyamagana kuangalia bei ya mikanda ya mashine.

Daktari alishaona nani anasikiliza, akamgeukia yeye. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, na hicho kihesabiwe ndani ya mboga, si cha kunyunyiza mezani. Supu za asubuhi zife. Nyama ya mafuta ife. Ugali upungue nusu na majani yaongezeke mara mbili. Soda na bia, kwaheri. Kila siku atembee nusu saa mpaka jasho limtoke. Na vidonge, viwili asubuhi na kimoja jioni, asiruke hata siku moja.

"Hata akijisikia mzima, mama. Hasa akijisikia mzima. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Basi mzee huyu namkabidhi kwako."

Masalu alikuwa na umri wa miaka hamsini na mbili, na alikuwa na mashine mbili Igoma, moja ya kukoboa na moja ya kusaga, kwenye banda la mabati karibu na barabara ya Musoma. Kazi ya kubeba magunia alikwisha kuiacha kwa vijana. Yeye kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kiti karibu na mzani, kupima, kutania wateja na kula. Saa mbili asubuhi bakuli la supu ya kongoro na chapati mbili. Saa tano chipsi mayai kutoka kibandani. Mchana mkewe alileta ugali wa sembe uliosimama kama kichuguu, na nyama ya kukaanga, na kando ya sahani kisosi cha chumvi, maana Masalu alionja chakula akiwa ameshakinyunyizia. Kutoka nyumbani mpaka mashineni ni hatua mia sita. Alikwenda kwa pikipiki.

Dona hakuwa anakula. Kutwa nzima alisagia watu dona, lakini yeye alisema dona ni la shule za bweni na magereza. "Mwenye mashine akila dona," alisema, "wateja watajua mashine haina faida."

Halafu kulikuwa na Jumatatu. Kila Jumatatu asubuhi, kabla gunia la kwanza halijapimwa, Masalu alivua viatu akapanda kwenye mzani na kusoma kilo zake kwa sauti. Jambo hilo lilianza miaka mingi nyuma, mteja mmoja alipolalamika kwamba mzani unaiba. Masalu akasema, haya, nipimeni mimi kwanza, mnijue. Tangu hapo ikawa kawaida ya pale. Akina mama waliokuwa na ndoo zao za mahindi walisubiri namba. Ikipanda, wanapiga vigelegele. Mzani uko sawa, mwenye mali ameshiba, wiki ianze.

Sasa Prudencia akaanza kazi aliyokabidhiwa.

Alificha kisosi. Alichemsha sato badala ya kumkaanga, akamtia nyanya, limao na tangawizi ili ulimi usahau chumvi. Alipika matembele na mchicha mpaka jirani akamuuliza kama wamenunua sungura. Ugali aliusonga kwa dona na kuukata kwa bakuli dogo la uji. Siku ya kwanza Masalu aliuangalia ule ugali, akainua sahani na kuchungulia chini yake.

"Mama Paskazia, mwingine umeuficha wapi?"

"Ndio huo."

"Huu ni wa kuonja. Ninauliza wa kula."

"Kula, baba. Daktari amenikabidhi wewe."

"Amekukabidhi unitunze au unitese?"

Lakini alikula. Alimpenda mkewe, na kule kukosa pumzi usiku kulimtisha kuliko alivyokiri. Akaanza kutembea alfajiri kutoka Igoma kuelekea Kishiri na kurudi, na raba za mwanawe miguuni. Wiki ya kwanza alisimama mara tisa njiani. Mwezi wa tatu ulipoisha alisimama mara moja, na hiyo ilikuwa ya kusalimia. Vidonge alivimeza Prudencia akiwa amesimama mbele yake, akafungua mdomo aonyeshe kama mtoto wa chekechea.

Mwezi wa saba mwanzoni walirudi hospitali. Presha ilisoma mia moja arobaini na mbili kwa themanini na nane. Kilo mia moja na moja. Yule daktari alisimama kutoka kwenye kiti chake akampa Prudencia mkono, Prudencia, si Masalu.

"Endeleeni hivihivi. Msiache kitu."

Usiku mume alilala kimya kama mtu asiyeumwa, na mara mbili Prudencia aliamka kumgusa, kwa sababu ule ukimya hakuuzoea.

Ila Igoma hakuna aliyeuona moyo wa Masalu. Watu waliona suruali yake. Suruali ilikuwa imefungwa mkanda uliotobolewa tundu tatu mpya kwa msumari, na nyuma ilikuwa imejikunja kama pazia. Waliona mashavu yaliyokuwa yamejaa yakining'inia. Walimwona alfajiri akitembea kwa miguu, mtu mwenye pikipiki, na swali la kwanza likawa la pikipiki.

"Masalu, chombo umeuza?"

"Kipo nyumbani. Natembea tu."

"Unatembea tu." Mtu anaondoka anatikisa kichwa.

Na kila Jumatatu mzani ulitangaza. Mia na kumi na tano. Mia na kumi. Mia na sita. Masalu aliona fahari kuzisoma, lakini vigelegele vilikwisha siku nyingi. Akina mama waliangalia ndoo zao. Siku aliyosoma mia moja na moja, mama mmoja alisema, "Pole, baba," na wengine wakaitikia, "Pole sana," kama wako msibani.

Kisha kijana mmoja wa kubeba magunia aliona kopo la vidonge kwenye mfuko wa koti lililotundikwa msumarini. Hakuuliza ni vya nini. Mpaka jioni mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba Masalu anameza njugu. Njugu ndilo jina ambalo watu waliwapa wale wanaomeza dawa za virusi vya Ukimwi. Wiki iliyofuata wateja wanne wa kila siku walihamia mashine ya upande wa pili wa barabara. Mmoja alisema wazi kwamba yeye hawezi kula unga ulioshikwashikwa.

Ndipo Dorcas akaja.

Dorcas alikuwa dada mkubwa wa Masalu, aliishi Kisesa, mjane, mwanamke wa mwili mkubwa na sauti kubwa zaidi. Tangu siku ya kwanza hakuipenda ndoa ya mdogo wake na mwanamke wa Kihaya. Miaka ishirini na minne alikuwa akimwita Prudencia "huyu wa ng'ambo ya ziwa", na katika miaka hiyo yote hakumshukuru kwa sahani moja. Alishuka kwenye bajaji na kuku wawili chini ya kwapa, akaingia bila hodi, akamwona mdogo wake amekaa anakula papai.

"Masalu! Ni wewe au ni picha yako?"

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Simama nikuone." Masalu akasimama, akiishika suruali. Dorcas aliweka kuku chini. "Mama yetu angefufuka leo angerudi kaburini kwa miguu yake. Wifi! Njoo hapa. Umemfanya nini mdogo wangu?"

"Shikamoo, wifi. Ni presha. Daktari amesema..."

"Presha!" Dorcas akakaa, kiti kikalia. "Presha ninaijua. Presha ni ya wanene. Umewahi kuona wapi presha inakondesha mtu?"

"Siyo presha iliyomkondesha, wifi. Ni chakula. Amepunguza."

"Kwa hiyo unakiri. Unamnyima."

Prudencia alikwenda chumbani akaleta kadi ya hospitali, akamwonyesha namba, za mwezi wa pili na za mwezi wa saba. Dorcas aliishika mbali na macho kwa sababu hakuwa na miwani, akairudisha.

"Siku hizi wanaandika presha ili kumsitiri mtu. Kila mtu anajua. Mimi si mtoto, wifi. Na huko kwenu mnajua wenyewe mlichozika miaka ile ugonjwa ulipoingia."

Masalu alipiga meza. "Dada, hapo umevuka."

"Nimevuka mimi au watu? Unajua wanasema nini Kisesa? Wanasema mdogo wangu ameoa kaburi. Nimetoka kanisani Jumapili, mama mchungaji ananishika mkono ananipa pole. Pole ya nini? Nikamuuliza, pole ya nini? Akanyamaza. Ukinyamaziwa hivyo na mama mchungaji, utalala?"

Hapo Prudencia angeweza kuvumilia. Alikuwa amevumilia mengi kutoka kwa mwanamke yule. Jambo lililomvunja lilikuja wiki moja baadaye, na lilikuja kwa adabu.

Binti yao Paskazia alikuwa anaolewa. Mchumba alikuwa mwalimu wa sekondari Magu, mahari ilikwisha kukubaliwa, ng'ombe kumi na wawili, na sendofu, sherehe ya kumwaga binti, ilipangwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa tisa. Mshenga wa upande wa mume, mzee Yakobo, alikuja kukamilisha ratiba. Alikunywa chai, akasifia maandazi, akauliza habari za mvua. Halafu akaweka kikombe chini taratibu.

"Mama, kuna neno nimetumwa. Nisamehe, mdomo si wangu. Shangazi za kijana walipita pale mashineni kusaga. Wamerudi na maneno. Wanauliza kama nyumba hii ina afya."

"Nyumba hii ina afya, mzee."

"Ninaamini. Mimi ninaamini. Ila wao wanasema siku ile watakuja watu mia tatu kumwangalia baba wa bibi harusi. Wakimwona hivi alivyo, watajiuliza binti naye yukoje. Wanafikiria kuahirisha kidogo. Mwakani labda."

Paskazia alikuwa nyuma ya pazia la jikoni. Prudencia aliona vidole vyake vya miguu chini ya pazia, vimekaza sakafuni.

Usiku Masalu na mkewe waliongea kitandani kwa sauti ya chini.

"Wiki nane," alisema Masalu. "Kuna wiki nane mpaka sendofu. Ninaweza kurudisha mwili."

"Daktari alisema tusiache kitu."

"Siachi. Ninasimamisha. Siku ya Jumapili, binti akishaondoka, Jumatatu ninarudi kwenye majani yako. Nipo mzima, Pru. Ninapanda mpaka Kishiri bila kusimama. Moyo umeshapona."

"Haujapona. Umetulia kwa sababu ya dawa."

Masalu akasema, "Nimesikia wanavyokuita. Si mimi tu wanayemsema. Wanasema wewe ndiye uliyeniletea. Nikifa kesho nikiwa mwembamba, watakuzika na mimi."

Prudencia alilala macho wazi. Alijua jibu la daktari. Alijua pia uzito wa kuwa mwanamke aliyemmaliza mume, mama aliyemkosesha binti ndoa. Alfajiri Masalu hakwenda kutembea. Prudencia aliinuka, akachukua sufuria kubwa, lile la zamani, akakisugua kisosi cha chumvi kilichokuwa kimekaa miezi mitano juu ya kabati, akakiweka mezani kwa mkono wake mwenyewe. Hakuna aliyemlazimisha kukiweka. Kwa hilo baadaye hakujidanganya.

Dorcas alipopata habari alileta paja la ng'ombe na galoni ya samli. Alikaa jikoni kwa Prudencia siku tatu, wakapika pamoja, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Supu asubuhi, maziwa ya mgando saa nne, ugali wa sembe na nyama ya kukaanga mchana, na usiku ndizi za Kihaya zilizopikwa kwa samli, Dorcas mwenyewe akisifia.

"Wifi, kumbe unajua kupika. Ulikuwa unatufichia." Akamshika bega. "Wabeja." Asante ya Kisukuma, ya kwanza katika miaka ishirini na minne. Prudencia alijisikia vizuri. Hilo nalo ni kweli na lazima lisemwe. Alijisikia vizuri, akaongeza mafuta.

Vidonge alivitoa Masalu mwenyewe kwenye koti. Kwanza aliviacha nyumbani ili visionekane mashineni. Halafu cha jioni akakisahau kwa sababu ya wageni. Halafu vya asubuhi, kwa sababu daktari alisema vimezwe na chakula na yeye chakula alikuwa anakilia mashineni. Mpaka mwezi wa nane unakwisha kopo lilikuwa ndani ya begi la nguo, katikati ya soksi. Prudencia alijua lilipo. Hakuomba tena afungue mdomo.

Jumatatu zikarudi kuwa sherehe. Mia na nne. Mia na saba. Kigelegele cha kwanza kilitoka kwa yule mama aliyesema pole. Mia na kumi na moja, na wale wateja wanne wakavuka barabara kurudi. Vijana wa magunia wakaanza kubashiri namba ya wiki ijayo. Masalu alipanda mzani akiwa amevua shati, akajipiga tumbo, akasema, "Mwenye maneno aje apime mwenyewe!" Jumatatu ya mwisho kabla ya sendofu ilisoma mia na kumi na sita na watu walicheza palepale kwenye pumba.

Nyumbani alikuwa ameanza tena kusukuma toroli usiku. Kichwa kilimuuma kisogoni asubuhi. Miguu ilivimba, na mara moja Prudencia alibonyeza kwa kidole, shimo likabaki kama kwenye unga uliokandwa.

"Twende tukapime tu, baba. Kupima siyo kuacha."

"Nikapimwe nikalazwe? Wiki ya binti yangu? Jumatatu, Pru. Nimesema Jumatatu."

Sendofu ilifanyika kwenye ukumbi Buzuruga na ilikuwa nzuri. Masalu alivaa suti ya zamani na vifungo vilifunga kwa shida, na kila aliyemwona alifurahi kwa ile shida. Shangazi za kijana walimsogelea, wakamshika mikono, wakamwangalia mashavu, wakaangaliana. Mzee Yakobo alimnong'oneza Prudencia, "Mama, umetufunga midomo." Dorcas alicheza mpaka viatu vikamtoka. Mshereheshaji alipoita wazazi wa bibi harusi, Masalu alitembea katikati ya ukumbi pole pole kwa sababu hakuwa na pumzi, na watu wakadhani ni madaha.

Jumatatu hawakwenda hospitali, kwa sababu kulikuwa na wageni wa Muleba, ndugu wa Prudencia, wa kusindikiza. Jumanne kulikuwa na vyombo vya kurudisha. Jumatano Masalu alikwenda kutembea, akarudi baada ya nyumba kumi akasema ataanza taratibu. Kopo la vidonge Prudencia alilitoa kwenye soksi akaliweka mezani siku ya Alhamisi. Vilibaki vidonge viwili. Masalu alivimeza, akasema Ijumaa watakwenda kuchukua vingine.

Ijumaa saa nne kasoro robo asubuhi alikuwa anafunga gunia la mteja. Mkono wa kulia ukaacha kamba. Aliiokota kwa wa kushoto, akaiweka kwenye wa kulia, ikaanguka tena. Watu wakacheka, walidhani anatania, maana alikuwa mtu wa utani. Alitaka kuwajibu na mdomo ukaenda upande. Ndipo akaanguka juu ya pumba, mtu wa kilo mia na kumi na sita, na vijana watano walihangaika kumwinua.

Muda ulipotea hapo. Mmoja alimmwagia maji. Mmoja alisema amerogwa kwa ajili ya ile sherehe, watu wameona wivu, apelekwe kwa mtaalamu. Dorcas, aliyekuwa bado hajarudi kwake, alisema aombewe kwanza, na akaomba kwa sauti, na hakuna aliyethubutu kumkatiza. Prudencia alipofika mbio kutoka nyumbani, kanga imefungwa vibaya, alimkatiza. "Mwinueni mumtie kwenye gari! Sasa hivi!" Ilikuwa saa sita kasoro robo walipofika hospitali.

Presha ilisoma mia mbili thelathini kwa mia moja na arobaini. Daktari alikuwa yule yule.

"Alikuwa anameza dawa?"

"Hapana," alisema Prudencia.

"Tangu lini?"

"Mwezi wa nane."

"Kwa nini?"

Prudencia alifikiria njia ya kulieleza jambo lile kwa mtu aliyesoma. Alitafuta mahali pa kuanzia, kwenye suruali, kwenye mzani, kwenye shangazi za Magu. "Alikuwa amekonda," alisema. "Watu walikuwa wanaongea."

Daktari hakugomba. Aliandika, akaiacha kalamu kidogo, akaendelea. Kugombezwa kungekuwa nafuu.

Pale kwenye benchi la nje nesi mmoja alipita na kipimo cha presha akiwapima ndugu wa wagonjwa, bure. Dorcas alinyoosha mkono kwa kuchoka tu. Nesi alipima, akapima tena mkono wa pili. Mia mbili na kumi kwa mia moja na kumi na nane. Alimwandikia karatasi na kumwambia aanze dawa leo hii, asingoje kesho. Dorcas aliikunja ile karatasi mara nne, akaisukuma ndani ya sidiria, akamgeukia Prudencia.

"Wifi, usimwambie mtu."

Prudencia alimuuliza, "Utatembea mpaka wapi na siri hiyo, wifi?" Dorcas alianza kulia, na Prudencia hakumshika.

Hayo yalikuwa mwaka jana. Masalu hakufa. Alikaa hospitali siku thelathini na tatu.

Walichopata ni hiki: Jumamosi moja, kuanzia saa tisa alasiri mpaka saa nne usiku, ambayo watu mia tatu walimwona Masalu akiwa mnene. Na Paskazia ameolewa, yuko Magu, ana mimba ya miezi sita.

Walichotoa ni hiki. Mkono wa kulia wote, kuanzia begani. Mguu wa kulia kuanzia nyonga, ingawa anaweza kusimama kwa dakika nne akishikiliwa na watu wawili. Jicho la kulia, nusu. Mashine zote mbili, moja iliuzwa mwezi wa kumi na mmoja na nyingine mwezi wa kwanza, pamoja na banda. Vijana watano waliokuwa na kazi pale hawana. Prudencia anamgeuza mara sita kati ya asubuhi na usiku ili mgongo usioze, na mara tatu usiku. Uji wa bakuli moja unachukua dakika hamsini, na nusu yake inamwagika. Hajaingia kanisani tangu mwezi wa tisa kwa sababu hana wa kumwachia. Daktari anasema moyo wa Masalu sasa unasukuma theluthi moja tu ya damu ambayo ungetakiwa kusukuma, na kwamba hautarudi ulipokuwa mwezi wa saba.

Na maneno. Mtu aliyekuwa anaongea kutwa nzima amebakiwa na maneno matatu. La kwanza ni "maji". La pili ni "hapana". La tatu ni jina la binti yake, naye hulitumia kwa kila kitu kingine, akitaka kugeuzwa, akisikia maumivu, akimwita mke wake.